Zamu ya Saa Nane

Maji ya mfongo hufika kwangu saa nane za usiku,
baada ya Ndeanasia, kabla ya shamba la kanisa.
Hapa Mbokomu naamka bila kengele. Miaka kumi na tisa
niliamshwa na buti likigonga chuma:
"Aikaeli, shuka. Namba mbili inapumua vibaya."

Namba mbili ilikuwa injini.
Kwenye karatasi tulikuwa nazo tatu,
kwenye chumba cha mitambo mbili,
na siku nyingi, Mungu ananiona, moja na nusu.
Kitabu chake kiliandikwa Kichina.
Nikakisoma kwa vidole: kilichoniunguza nikakipa jina.
Valvu moja kali, yenye kufoka bila sababu,
niliiita Mama Mkwe, na hata Luteni Kipanga
alichungulia kila asubuhi kwenye tundu la ngazi:
"Mama Mkwe kaamkaje?"

Eliufoo wa jirani anataka mizinga.
Jana, miguu majini, kaniuliza:
Babu, manowari yenu ilizamisha meli ngapi?
Pipa moja, nikamwambia. Tupu, jekundu, siku ya mazoezi.
Lilizama kwa kombora la nne.
Akacheka, akadhani namficha makubwa.

Namficha nyundo.
Vita yetu ilikuwa na kutu:
gonga, sugua, paka kijivu, gonga;
ukifika tezi, omo imeshachubuka.
Namficha dizeli ndani ya wali wa Bilali,
dizeli ndani ya barua za mke wangu:
zilitoka posta ya Moshi zikinuka moshi wa kuni,
kesho yake zinanuka mimi.

Namficha na usiku ule.
Meli ya wezi wa samaki ilionekana kwenye rada,
tukaikimbiza, taa zimezimwa, roho juu,
na saa nane kamili Mama Mkwe akapasuka.
Injini ikinyamaza baharini
unasikia vijiko vikigongana jikoni,
unasikia mtu wa kitanda cha juu akimeza mate.
Siku mbili tulielea. Maji ya kunywa kikombe kimoja,
mzinga umefunikwa turubai kama maiti ya mtu mrefu.
Usiku wa pili taa zikaja. Walikuwa wao.
Hawakusema neno. Walitupa kamba.
Luteni aliitazama muda mrefu,
akavua kofia, akainama, akaifunga mwenyewe.
Walituvuta hadi tukauona mnara,
wakakata, wakaenda zao.
Ripoti niliiandika mimi, mwandiko wangu ni mzuri:
Hitilafu ya mitambo. Hakuna chombo kilichoonekana.

Usiku huu maji hayaji.
Saa nane na robo, mfongo una majani tu na povu.
Nachukua tochi na jembe, naufuata ukingo kwenda juu,
migomba ikinidondoshea ukungu shingoni,
na pale kwenye lango la mawe namkuta Ndeanasia,
khanga kaifunga kifuani, matope hadi magotini,
anashindilia gunia la udongo
ili maji yangu yageukie magimbi yake.
Amesikia buti. Hakugeuka.
Mgongo wake ulisimama tu
kama wa mtu anayesubiri kutajwa jina.

Nikazima tochi.

Daftari la zamu za maji liko kwangu, juu ya kabati,
kwa sababu ya ule mwandiko.
Nimekaa nalo hadi jogoo wa kwanza,
nje migomba yangu imekunja majani.
Nikaandika: Zamu ya saa nane. Maji haba.
Kalamu ikasita pale, ikakauka, nikailamba ncha
kama tulivyokuwa tukifanya chini kule, penye joto.
Hakuna mtu aliyeonekana.