Daftari la Zamu

Daftari lina kurasa mia, mchwa wamelila pembeni.
Naandika kwa penseli, maana zamu hazitulii:
leo huyu anauguliwa, kesho yule ana msiba Kigwe.
Nafuta, napuliza vumbi la kifutio, naandika jina jingine.

Jumatatu asubuhi: Chilewa, zabibu, robo eka.
Jumatatu jioni: Sailowa Matagi, vitunguu.
Jumanne hakuna. Jumanne tangi linajijaza
na pampu ya sola inahema kama mwenye pumu,
ikivuta toka chini ya mwamba
maji ambayo wageni huyatema
nasi twayaita matamu.

Nilipokuwa sijang'oka meno ya utotoni
mama alinishusha korongoni na kata ya kibuyu.
Alifukua mchanga hadi mabega yakazama.
Maji yalikuja kama mtu aliyeamshwa usingizini.
Akateka kata moja, akangoja.
Kata ya pili, akangoja.
Alfajiri ndoo ikajaa, na njiani hatukusemezana:
anayesema hutikisika,
anayetikisika humwaga.
Sikusoma uhandisi mwingine.

Kwa hiyo vijana wa mradi walipoleta mipira myeusi yenye matundu,
wakasema tone kwa tone, shinani, si shamba zima,
kamati ilicheka: mzabibu unalishwa kwa kijiko?
Mimi sikucheka. Tone nalijua. Nimelingojea.

Sasa ni Agosti. Mvua ya mwisho tuliizika Aprili.
Upepo unatoka Bahi na chumvi mdomoni,
tangi limeshuka hadi alama ya tatu,
na mkutano umeamua: watu, kisha ng'ombe,
kisha mizabibu kwa nusu zamu. Vitunguu visubiri.
Sailowa alisimama, akaikamua kofia yake kama tambara:
"Vitunguu havijui kusubiri, mwenye daftari."
Nikamjibu, daftari haliandiki vilio.
Nilisema hivyo. Mbele ya watu. Mkewe kambeba mtoto.

Usiku wa kuamkia Ijumaa sikulala.
Zabibu zangu bado changarawe za kijani, wiki tano kamili,
na mnunuzi wa mjini kashatoa nusu ya fedha,
na nusu hiyo imeshakuwa ada ya Mbeleje.
Ufunguo ninao mimi. Nani mwingine anao?
Nilivua ndala nisisikike.
Koki ilizunguka kimya, maana niliipaka grisi mwenyewe
wiki iliyopita, kwa manufaa ya umma.

Kumbe maji ya wizi yana sauti.
Yalinong'ona ndani ya mpira hadi mwisho wa mstari,
kisha ti, ti, ti, kijiji kizima kimelala,
nami nikahesabu, kwa mazoea ya kazi:
dakika arobaini na tatu.

Asubuhi penseli ilikuwa pale pale, na kifutio chake kinene.
Nikaazima kalamu ya bluu kwenye mkoba wa Mbeleje.
Ijumaa, saa nane usiku. Nhonya Mchiwa.
Mizabibu. Dakika 43. Bila zamu.
Na chini yake: zamu zake mbili zijazo, vitunguu vya Sailowa.
Mkono haukutetemeka hadi nilipoandika "vyake",
nikakata, nikarudia jina lake lote.

Alikuja kusoma, kama asomavyo kila siku,
kidole kikitambaa juu ya mistari.
Kidole kikasimama.
Nje mbuzi wa mtu alikuwa analamba bomba lililokauka.
"Mashina yako yako wazi," akasema.
"Jua hili linakunywa kuliko mizabibu."

Jioni alirudi na mizigo miwili ya nyasi kavu,
akaitua, akaondoka bila kunywa chochote.
Nimetandaza hadi giza.
Nyasi hizo sijaziandika.
Daftari halina safu yake.