Boriti Iliyorudi

Saa tano usiku, Brno, mwezi wa Novemba,
mvua nusu na theluji nusu, haijaamua.
Vendula amevua viatu chini ya meza,
chai yake imefanya utando,
na barua ya mzee Bořivoj, fundi wa mapaa mstaafu,
iko wazi kwenye skrini:

"Bi Hrubešová, nilichora boriti mahali pabaya.
Nikaiondoa kwa kipanya, kule juu kwenye menyu.
Nikataka kurudi nyuma hatua moja zaidi,
nikabonyeza Ctrl na Z, kama kijitabu kinavyosema.
Boriti ikarudi.
Imekaa palepale, kama mdai aliyeambiwa njoo kesho.
Nikibonyeza tena kitarudi nini? Naogopa kugusa."

Kvido, wa dawati la pili, anafunga begi.
"Mwambie abadili kibodi. Herufi mbili tu hizo."
Tramu ya mwisho haimsubiri mtu. Anaondoka.

Herufi mbili tu.
Kumbe kitufe hakijui kusoma.
Hakijui kwamba mgongoni kimechorwa Z;
kikiguswa kinapaza namba yake, basi,
kama bawabu asiyejua majina:
"Wa ishirini na moja amepita!"
Ndani kuna jedwali, na aliyeliandika
aliiandikia meza yake mwenyewe, ng'ambo ya bahari,
ambako Z hukaa chini kushoto, jirani ya X.
Huku kwa Wacheki Z imepanda, ipo kati ya T na U,
na Y imeshuka kukalia kiti chake.
Mzee akasema tendua.
Jedwali likasikia tenda tena.

Lugha ninayoandikia ingemfaa:
kwetu kurudi nyuma kumo mkiani mwa kitenzi.
Funga, fungua. Ziba, zibua.
Umetega, unategua.
Silabi moja, na mlango unakumbuka ulivyokuwa.

Vendula hana silabi hiyo. Ana mistari elfu mbili ya msimbo,
na anamkumbuka shangazi Blažena
baada ya kiharusi: mkono wa kulia umelala mapajani kama paka,
kipanya kimehamia kushoto.
Wakamgeuzia vitufe, ili kidole cha shahada kibaki kuwa mkubwa.
Lakini programu ya benki iliuliza kitufe cha kwanza,
haikuuliza kitufe kikuu,
na kila alipotaka kulipa umeme
menyu ilimfungukia usoni.
Alilipia dirishani posta mpaka alipofariki.

Kwa hiyo anafuta namba.
Palipokuwa na ishirini na moja anaandika
neno la kile mtu anachokitaka.
Usiniambie kidole kimetua wapi,
anaiambia mashine, midomo ikicheza bila sauti,
niambie kimekuja kufanya nini.

Saa saba anasimama. Si rahisi hivyo.
Yupo mtoto anayekimbiza joka kwa vitufe vinne,
hajali vimeandikwa nini,
anajali umbo la mkono: kimoja juu, vitatu chini.
Huyo ukimpa jina badala ya mahali
umemvunja vidole.
Basi yawe majedwali mawili,
na kila programu iulizwe kizingitini, kabla ya lolote:
wewe, unataka herufi, au unataka mahali ilipo?

Anachora boriti ya uongo. Anabonyeza Z, ile ya juu.
Imetoka.
Anaichora tena, anaitoa tena, mara nane, tisa,
zaidi ya haja ya jaribio lenyewe.
Nje theluji imeshinda.

Wiki iliyofuata jibu likaja, bila salamu:
"Sasa inatendua. Ahsante.
Ila boriti ile nimeirudisha kwa mkono wangu.
Nilikwenda ghalani kuhakikisha, nikapanda ngazi.
Ipo kweli. Mahali pabaya vilevile."