Nembo Yako Hapa

Kwenye mchoro waliotuma kutoka kiwandani
kuna mstatili wa kijivu, mdogo kuliko stempu ya barua,
na ndani yake wameandika: Nembo Yako Hapa.

Mimi Kalunde, binti wa mrina asali wa Sikonge,
nina kibanda Isevya, meza moja, pasi ya kulehemu, feni inayokoroma,
na wiki ya pili sasa nautazama mstatili huo
kama mtu aliyeombwa kumpa jina mtoto wa jirani.

Maana mota si yangu, tuseme kweli.
Sikuzisuka nyaya zake, sikuyachonga meno ya gia zake.
Imezaliwa mbali, gramu tisa, tumbo la buluu,
inageuka nusu duara, inasimama unapoiambia isimame.
Kiwandani wanazo maelfu zisizo na jina,
zimelala trei juu ya trei, zikingoja wa kuziita.
Kima cha chini: mia tano.
Rangi, chagua. Urefu wa waya, chagua.
Gharama ya jina: senti chache kwa kila moja.
Senti chache!
Nilipopewa langu alichinjwa mbuzi.

Nikayakumbuka madumu ya baba.
Kila msimu lori lilikuja, likapima, likalipa, likaacha vumbi.
Mwaka nilioenda Dar kusomea umeme
nikaiona asali rafuni, chupa nyembamba, utepe shingoni,
na jina la mtu ambaye hajawahi kuumwa na nyuki.
Nilijuaje kuwa ni ya baba?
Sikujua. Nilinunua, nikaonja nikiwa nimesimama kituoni,
nikadhani nasikia moshi wa mzinga wa magome.
Labda nilijidanganya. Nilikuwa na njaa.

Na leo mwenye utepe ni mimi.

Kila pakiti ina pembe tatu nyeupe za plastiki,
ndivyo tunavyoviita vile vijimkono vya kupachika juu ya ekseli.
"Pembe zimo ndani," nilimwambia mteja,
na Mwamvua, anayeuza laini za simu mlango wa pili,
akacheka hadi akashika ukuta:
"Tabora hii, pembe zimepita ngapi,
na ipi iliandikwa jina la bega lililoibeba?"
Kisha akanishauri niziite Simba. Au Radi.

Sampuli kumi nikawapa wanafunzi wa Mwalimu Shija.
Wakaunda mkono wa bomba la maji,
ukaokota kizibo cha soda, ukakiangusha, ukakiokota tena,
darasa zima likipiga meza.
Siku ya tatu, krrr.
Mihambo, kijana mwenye shati lisilo na kifungo cha juu,
akaniletea mota kiganjani, kama kifaranga:
"Dada, yako imekufa."

Yako.
Na juu yake hapakuwa na herufi hata moja.

Niliifungua kwa bisibisi ya miwani.
Jino moja la gia limeng'oka, mengine yamesagika,
unga mweupe kwenye grisi.
Sikulala vizuri.
Alfajiri nikawaandikia: gia za chuma, si plastiki.
Wakapandisha bei. Nikakubali.
Nikaomba mia tano zije kwa mafungu mawili. Wakakataa.
Nikauza pikipiki.

Jana nimejaza mstatili:
Kalunde, Isevya, Tabora,
na chini yake namba yangu ya simu,
ili meno yakilia huko Urambo au Nzega,
kwenye gari la rimoti la mtoto au kwenye mkono wa bomba,
mtu ajue pa kulalamikia.

Wamejibu usiku.
Maandishi hayaenei, wamesema kwa adabu sana.
Chagua kimoja, jina au namba.

Nimefuta jina.
Atakayepiga ataniuliza, "Naongea na nani?"
Nitamwambia.