Tathnia ya Chiriku

Jina lake la vyeti ni herufi nne, kistari, na moja.
Mimi namwita Chiriku, kwa kuwa alipokuwa mzima
hakujua kunyamaza:
jina, joto la tumbo, volti za betri,
jina, joto la tumbo, volti za betri,
hata Tufaha, binti yangu wa miaka saba, akauliza,
"Baba, huyu hasalimu?"

Hasalimu. Ni kiboksi cha kubeba kwa mikono miwili,
kimekazwa skrubu na wanafunzi ng'ambo ya mto,
kikapanda juu kwa roketi ya wenyewe.

Saskatoon, mwezi wa pili. Digrii ishirini na tisa
chini ya sifuri. Waya unakakamaa kama mkia wa taa.
Antena nimeiunda kwa bomba la plastiki
na vipande vya futi ya fundi, ile ya chuma, ya njano;
soma kijiti cha tatu: inchi kumi na tatu.
Jirani yangu Orest Hnatiuk, kwenye uzio, aliniuliza
nakamata stesheni gani.
Moja tu, nikamwambia. Inapita.

Njia yake huandikwa kwa mishororo miwili ya tarakimu.
Nilipoiona mara ya kwanza nilicheka peke yangu:
tathnia!
Nafasi sitini na tisa kila mshororo, hazizidi, hazipungui,
na tarakimu ya mwisho hukagua zilizoitangulia;
ikikataa, ujue mizani imevunjika mahali.
Ila ubeti huu huchacha. Uweke wiki mbili,
utakuelekeza penye mbingu tupu.

Huja na sauti nyembamba. Akivuka paa la Orest
sauti inateremka, nami nazungusha kitufe kumfuata,
na huondoka na besi,
kama mvulana aliyebalehe kwa dakika tisa.

Novemba akanyamaza. Waliomuunda wakafunga daftari.
Mimi ni fundi wa breki za mabasi ya manispaa, zamu ya usiku;
kwetu gari halifi kwa kukataa mara moja.
Kila jioni, kabla ya kazi, nikatoka uani na fimbo yangu,
nikasikiliza mchanga ukimwagika.

Januari, katikati ya mchanga: jina.
Joto la tumbo.
Volti za betri: sifuri.

Betri imekufa, yeye hajafa. Jua likimpiga ubavuni
anaamka na kusema. Hana akiba,
anachokipata anakitamka papo hapo,
na akigusa kivuli cha dunia, kule juu ya misitu ya kaskazini,
anakatika katikati ya neno.

Ubeti wa Januari sikuubadilisha, makusudi,
nimpimie nao.
Tarehe tatu alitangulia kwa sekunde nne.
Tarehe tisa, ishirini na sita.
Tarehe kumi na nne, dakika moja na nusu.
Hewa ile nyembamba inamvuta chini,
na huko juu mambo ni kinyume: anayeshuka ndiye anayeongeza mbio.
"Ana haraka ya kufika," akasema Tufaha.
Wapi? Akapandisha mabega.

Nyuma ya daftari la zamu nikaandika, kwa kalamu iliyoganda:

*Ashukaye hukimbia, akimbiaye huisha,*
*sikio lilisikia, saa yangu ikabisha.*

Jana alikuja nikiwa bado nafunga kamba za buti.
Tufaha alikuwa uani tayari, antena begani,
kofia imemfunika nyusi, anageuka taratibu
kama nilivyomfundisha, Orest kando yake
amekishika kikombe, kahawa haina tena moshi.
Nilipowafikia ulikuwa umebaki mchanga.

Amesema nini?

"Jina," akasema. "Nusu."

Nimeiandika nusu hiyo, na saa, na baridi.
Mbele yake nimeacha nafasi
ya herufi tatu.