Kiti cha Jikoni

Huu mwezi wa tatu tangu mkono wa kushoto unisuse.
Haukuniaga. Nilikuwa nakunja mashuka ya hospitali,
zamu ya alfajiri, mvuke umetanda,
shuka likaniponyoka, nikacheka,
kisha kicheko nacho kikaniponyoka
upande mmoja wa mdomo.

Nakaa ghorofa ya nane, Dundee.
Dirisha linatazama mto Tay na daraja refu la reli;
treni hupita juu ya maji kama uzi unaotafuta tundu la sindano,
nami niliyekuwa nikitunga uzi gizani
siwezi kufunga kifungo.

Desemba hapa jua ni mgeni wa haraka:
hufika saa tatu kasorobo, halivui viatu,
saa tisa na nusu limeshaaga.
Adhuhuri na Alasiri zinakanyagana visigino,
na zote zilinipita.
Si kwamba nilikufuru. Nilinuna.
Nilimnunia Mungu kama mtoto anavyomnunia mama,
nimegeukia ukuta,
sikio nimelitega nyuma, nisikie kama anakuja kunibembeleza.

Aliyekuja ni Eilidh wa mazoezi ya viungo,
amepanda ngazi zote nane, lifti imekufa tena,
viatu vyake vinalia maji.
Jina lake lina herufi mbili mwishoni ambazo hazifanyi kazi.
Nikazipenda. Ndugu zangu hizo.

“Shika kiti,” akasema. “Inama. Taratibu. Inuka.”
Nikainama,
mkono mmoja gotini kwa hiari yake, mwingine kwa kubebwa,
mgongo ukalala kama meza,
na mwili, bila kuniomba ruhusa,
ukaanza kusoma ulichohifadhi:
Subhana rabbiyal adhiim.
Yeye alikuwa anahesabu hadi kumi.
Mimi nilikuwa nahesabu tatu tatu.

“Kama umewahi kufanya hivi,” akasema.
“Tangu nina miaka saba,” nikamjibu.
Akaandika kitu kwenye faili, sijui nini.

Lakini nisikudanganye.
Wiki iliyofuata nilianguka bafuni, usiku wa manane,
simu iko chumbani, majirani wamelala,
shavu langu juu ya kigae baridi kama samaki wa dukani.
Nikalia kwa hasira, kwa sauti, kwa kamasi.
Kisha nikachoka hata kulia,
na ndipo nilipogundua paji la uso limegusa chini.
Miezi mitatu nilipakwepa pale,
nikapelekwa kwa kusukumwa.

Basi nikasema nilichokuwa nacho:
“Nimechoka.”
Ndiyo dua yote. Sikuipamba, sikuifungua kwa sifa.
Hakuna nuru iliyoshuka. Bomba lilidondoka, tone, tone.
Ila kilichosemwa hakikunirudia,
kama mzigo unaoutua na hausikii kishindo
kwa sababu kuna mtu ameupokea.

Nikavuta kiwiko. Nikavuta goti.
Nikapumzika pale penye mkeka, nikamtukana mkeka,
nikaomba radhi.
Kizingiti. Ukumbi. Mguu wa kiti cha jikoni.
Nilipokikalia, treni ya kwanza ilikuwa inavuka mto,
madirisha yake yamewaka,
na mimi natweta kama niliyepanda mlima kwa ulimi.

Eilidh aliposikia alinigombeza, akanivalisha kengele shingoni.
Akapima nguvu za mkono: kidole gumba, basi.
Kinasogea. Kidogo, kama mtu anayeota.

Leo nimekunja taulo.
Pembe hazikukutana; msimamizi wangu wa zamani
angelirudisha kwenye rundo.
Nimeliweka mezani, limepinda vivyo hivyo,
mahali pa paji la uso,
nimevuta kiti,
na kabla jua halijakimbia
nimewahi Alasiri.