Majina ya Mwezi wa Kipupwe

Umechomoza upande wa Kojani,
mnene, wa manjano, kama shelisheli lililomenywa,
na baridi ya kipupwe imetutoa nje sote
badala ya kutuingiza ndani.
Umeme umekatika tangu magharibi. Hakuna aliyelalamika.

Mtambwe nzima inachambua karafuu.
Vidole vinajua njia: konyo huku, karafuu kule,
konyo, karafuu,
macho yamebaki huru.

Mama anauita Kumi na Nne,
hata ukiwa wa kumi na tano.
Bi Mize, na pakacha zake tatu, anauita Taa ya Karadha:
majuma mawili mbele, anasema,
tutailipa kwa giza, pishi kwa pishi.
Mwalimu Shaame anasema Badri, kwa koo la chuoni,
kisha anapiga chafya.
Wanaokwenda kuchokoa chaza hawauiti, wanautii:
saa nne bamvua litakauka hadi mwambani
nao watashuka bila tochi.

Sisi, udogoni, tuliuita Mkate wa Kumimina,
ule usiokatwa mpaka wageni waje.

Jina hilo alilitunga dada yangu, Mchanga,
aliyezaliwa mwezi ukiwa uzi,
ukucha tu.
Hiki kipupwe cha tatu yuko Maskati,
analea watoto wa watu.

Simu inaita.
"Umeshatoka?"
"Umetoka."
"Na huku upo, lakini wa moto,
umekaa juu ya paa kama sahani iliyoepuliwa sasa hivi.
Niambieni wenu."

Nani anajua kuusema mwezi kwenye simu?
Mama akainyanyua juu, akaielekeza,
kasimu ka vitufe, kasikoona kitu,
akakashika vivyo hivyo, mkono ukimtetemeka,
mpaka salio la Mchanga likaisha.

Akarudi jamvini.
Karafuu mbichi, ambazo mchana
hii kijani, hii imeiva wekundu,
zote zimekuwa rangi moja
ambayo hatujaipa jina.
Ubavuni pake ameacha nafasi ya mtu kukaa.

Konyo, karafuu.

"Kesho utaanza kupungua," anasema Bi Mize.
"Upungue," anajibu Mama, bila kuinua macho.
"Utakuwaje mchanga tena?"