Tone Chini ya Kifuniko

Jumatano lori la chumvi liliniletea bahasha,
kona zake zimekauka nyeupe, zinakwaruza kidole.
Ndani, karatasi ya daftari la hesabu, yenye miraba,
na mwandiko unaopanda mlima upande wa kulia:

"Mimi ni Ithungu wa Katwe, darasa la tano.
Baba anasema maji ya ziwa letu hupanda mawinguni.
Basi kwa nini mvua haina chumvi?"

Nilishika kalamu kwa haraka ya mtu ajuaye.
Miaka kumi na tisa nilipima shaba katika maabara ya Kilembe;
swali hili nililiona dogo, la kumalizwa kabla chai haijapoa.
Nikaandika "mvukizo ni mchakato ambapo molekuli".
Nikaandika "ioni". Nikaandika "kiwango cha mchemko".
Nikaandika "bila shaka unafahamu kwamba",
na hapo kalamu ikasita.
Angekuwa anafahamu, angeniuliza?

Nililisoma jibu langu kwa sauti, peke yangu,
nikasikia viatu vyangu vya kazini kwenye sakafu ya saruji
vikimpita mtoto bila kusimama.

Nikalichana.

La pili lilikuwa hivi: "Chumvi ni nzito."
Fupi, jepesi, la uongo.
Hilo nililichana kwa aibu zaidi,
maana kumrahisishia mgeni kwa uongo
ni kumwelekeza njia ya Nyamwamba
usiku ambao mto umebeba daraja.

Chai ilipoa. Jikoni Kabugho alikuwa anachemsha mihogo.
Akafunua sufuria, akakung'uta kifuniko,
matone mawili yakanidondokea mkononi, ya moto.
Nikayalamba, sijui kwa nini.
"Umetia chumvi humu?"
"Kijiko kizima," akasema. "Leo unanikagua?"

Ndipo nikaandika:

Ithungu, mwombe mama sufuria ndogo.
Tia maji vikombe viwili na chumvi ya kwenu kijiko kimoja.
Onja. Ikumbuke ladha hiyo.
Funika, chemsha mpaka kifuniko kianze kucheza.
Mtu mzima ndiye akifunue, maana ule moshi mweupe huunguza.
Unaitwa mvuke. Ni maji yanayosafiri.
Kifuniko kikipoa, lamba tone lililoning'inia chini yake.
Sufuria ni ziwa lenu. Kifuniko ni wingu.
Maji yamepanda, chumvi imebaki chini.
Unachokionja ni mvua.

Nikahesabu: neno geni moja tu,
nalo nimelishika mkono mpaka ng'ambo.
Mistari kumi. Ilinila siku mbili,
na karatasi nilizochana ziliwasha jiko.

Wiki iliyofuata lori likarudi,
bahasha ina doa la masizi.

"Nimelamba. Ni kweli.
Baluku hakuamini, akalamba matone yote yaliyobaki.
Mama anasema tumemmalizia kuni.
Lakini sasa niambie,
chumvi inajuaje kwamba yenyewe haipandi?"

Nimekaa na swali hilo tangu asubuhi.
Nimeandika "ioni", nimefuta.
Kabugho amesimama mlangoni ananitazama,
anataka kujua ninatafuta nini
kwenye kabati lake la vyombo.